Mama Yuko Kozi, Mtoto Yuko kwa Nani?

 

Mwezi huu ukurasa wa familia tumepewa sisi, wamama watano tunaosoma kozi ya ususi na saluni hapa Nakivale. Wengi waliposikia tutaandika walifikiri tutaleta mitindo mipya. Mitindo tutaigusa, msiwe na wasiwasi. Lakini kinachotuumiza kichwa kila asubuhi kabla ya jua kupanda si mtindo. Ni swali moja tu: mama akienda kozi, mtoto anabaki kwa nani?

Sisi watano tuko na watoto kumi na wanne. Sita hawajafikisha miaka mitano, na mdogo kabisa ana miezi minne. Wanne tumetoka Kongo, upande wa Uvira, Fizi na Masisi, na mmoja ametoka Burundi, Makamba. Wawili wako na waume nyumbani, mmoja mume wake yuko Kampala anatafuta maisha, wawili wanalea peke yao. Kwa hiyo tunaposema “sisi” msidhani tuna hali moja. Tulichofanana ni daftari, kitana, na mtoto anayelia dirishani.

Sababu ya kwenda kozi kila mtu hapa anaijua. Julai 2023 mgao ulianza kutolewa kwa makundi, kila nyumba kulingana na uhitaji wake. Halafu mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, watu wapatao milioni moja hapa Uganda waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Nyumba nyingi zilizokuwa zinasema “tunangojea mgao” zikaanza kusema “tutafute kazi ya mikono”. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na kichwa cha mtu hakingoji msimu wa mvua. Shamba likikauka, watu bado wanasuka. Harusi wanasuka, ubatizo wanasuka, hata msibani wanasuka. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wana mtindo wa mistari ya haraka ya kurudi nyuma wanaouita “twende kilioni”, kwa sababu habari ya msiba ikifika huna muda wa kukaa siku nzima kwenye kiti.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Ukipita nyuma ya darasa letu kama saa nne asubuhi, utaona wasichana wadogo wamekaa chini ya mti, kila mmoja na mtoto mgongoni. Hawachezi. Wanangojea. Mtoto akilia, msichana anasogea dirishani, mama anatoka na mafuta mikononi, ananyonyesha, anamrudisha mgongoni kwa dada yake, anarudi darasani. Siku moja tuliwahesabu wakawa saba. Mkubwa alikuwa na miaka kama kumi na miwili, mdogo wao minane. Na saa nne asubuhi, jamani, ni saa ya hesabu shuleni.

Hakuna mzazi aliyemwambia yule msichana “acha shule”. Tunawajua wale wamama, wanawapenda watoto wao. Jambo hili linaingia polepole kama maji kwenye nyumba ya udongo. Jumatatu binti anabaki kwa sababu mdogo wake ana homa. Jumatano anabaki kwa sababu ni siku ya kupanga foleni. Wiki inayofuata ni siku tatu. Mwisho wa muhula jina lake bado liko kwenye daftari la mwalimu lakini dawati lake limekaliwa na mwingine. Akirudi anakuta wenzake wamefika mbali kwenye mgawanyo, anaona haya, anakaa nyuma, baadaye anasema mwenyewe, “Mama, mimi nibaki tu na mtoto.” Mama anafurahi kwamba binti ana huruma. Lakini je, ni huruma, au ni aibu ya kutojua hesabu?

Na kaka yake wa miaka kumi na mmoja, yeye mbona haulizwi? Anakwenda shule na mpira wake wa makaratasi, anarudi, anauliza chakula kiko wapi. Hilo tunaliacha hapo kila nyumba ilijibu yenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Kozi yetu ni ya miezi sita. Shule ya msingi ya hapa ni miaka saba, kuanzia P1 mpaka P7, halafu mtihani wa PLE. Miezi sita ya mama ikilipwa kwa miezi sita ya P4 ya binti, mama atamaliza na kupata kazi, lakini ile P4 hakuna anayemrudishia mtoto. Ndiyo maana tulikubaliana sisi watano kwamba kozi hii tutailipa kwa namna yoyote nyingine, lakini si kwa shule ya binti mkubwa.

Tena kuna jambo lililotushangaza. Sisi tuliosoma kule Kongo tulisoma kwa Kifaransa, na wawili wetu hawakufika mbali. Vitu vya saluni vinavyouzwa hapa vimeandikwa Kiingereza: sanduku la dawa ya nywele, chupa ya sabuni yake, kikopo cha mafuta. Anayetusomea maandishi yale jioni ni nani? Ni mtoto wa P5! Anafuata mistari kwa kidole, anasoma, “usiguse macho”, “vaa glavu”, “osha baada ya dakika kadhaa”, na pale asipojua neno anakwenda nalo kwa mwalimu kesho yake. Mwenzetu mmoja ameandika daftari zima la Kiingereza cha saluni kwa msaada wa binti yake. Angekuwa anakaa chini ya mti na mtoto mgongoni, sanduku lile angelisoma nani?

Basi tulifanyaje? Tulianzisha zamu. Tunaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu wamama wa kozi ya cherehani wameshatuuliza mara mbili.

Kozi ni siku tano kwa wiki, na sisi tuko watano. Kila siku mmoja anabaki na watoto wote wadogo, wanne wanaingia darasani. Tulichagua nyumba moja yenye ua wa matete uliofungwa vizuri, iliyo mbali na barabara ya bodaboda na mbali na shimo la maji. Kila mtoto anakuja na kikombe chake, uji wake, na kitambaa cha kubadilisha. Mtoto mwenye homa au kuhara haletwi, anabaki na mama yake siku hiyo, hata kama mama ana mazoezi ya mtihani. Hapo hatuna mchezo, kwa sababu kuhara kukiingia kwenye watoto sita hakumalizi wiki hiyo.

Watoto sita kwa mtu mmoja ni wengi mno. Mmoja anakwenda chooni, mwingine anakula udongo, wa tatu ameshafika kwenye jiko. Kwa hiyo tulimwomba bibi jirani awe mkono wa pili. Pesa ya kumlipa hatuna, naye hakuitaka. Tunamchotea majerikani mawili ya maji kila siku, na kila wiki mbili tunamsuka yeye na wajukuu zake. Sasa bibi anatembea na kichwa kizuri kuliko sisi wanafunzi, na akiulizwa amesukwa wapi, anajibu kwa sauti mpaka sokoni wasikie. Tangazo gani litashinda hilo?

Ugumu ulikuwa kwenye somo. Aliyebaki na watoto anakosa siku moja kila wiki. Mwalimu wetu alikubali, kwa sharti kwamba kazi za mikono zifidiwe. Jumamosi mchana tunakutana, na wale wanne wanamfundisha aliyekosa. Tuligundua kitu hapo: unapomfundisha mwenzako kugawa nywele kwa mistari sawa, ndipo unajua kama wewe mwenyewe ulielewa. Lakini pia tuliona kwamba yule wa Alhamisi alikuwa anakosa kila mara somo la dawa, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku yake. Sasa siku za zamu zinahama kila baada ya wiki mbili, asiwepo mtu wa kukosa somo lile lile.

Yule mdogo wa miezi minne alitusumbua kweli. Tunavyofundishwa kliniki, mtoto anapewa maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, si uji, si maji, halafu anaendelea kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili na zaidi. Sasa mama yuko darasani masaa matano. Kilichosaidia ni kukamua maziwa kwa mkono asubuhi. Mama ananawa mikono kwa sabuni, anakamulia kwenye kikombe kilichochemshwa chenye kifuniko, na kikombe kinawekwa mahali pa baridi penye kivuli. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanaweza kukaa masaa 4 bila friji kama hakuna joto kali. Siku ya jua la kuchoma tunayatumia mapema, na yaliyobaki kwenye kikombe alichonywea mtoto tunayamwaga. Tunampa kwa kikombe, taratibu, si kwa chupa ya kunyonya, kwa sababu chupa ni ngumu kuosha vizuri na hapa maji ni ya kuhesabu. Siku tatu za kwanza mtoto alikataa kikombe. Alilia mpaka bibi akamfunga mgongoni na kumpeleka mwenyewe kwa mama yake. Siku ya nne alikunywa. Watoto nao wana misimamo yao.

Sasa tuje kwenye vichwa vya watoto, maana hapo mwanafunzi wa ususi na mama wanakuwa mtu mmoja, na ni hatari.

Mwanafunzi anahitaji kichwa cha kujifunzia. Darasani kile kichwa cha plastiki ni kimoja, tunakingojea kwa foleni. Nyumbani kuna vichwa vitatu au vinne vinazunguka bure! Si ajabu mtoto wa mwanafunzi wa ususi akasukwa Jumatatu, akafumuliwa Jumatano, akasukwa tena Ijumaa. Hapana. Nywele za mtoto ni laini, na ngozi ya kichwa chake inachoka upesi. Sisi tunajifunzia kwanza kwenye nyuzi za gunia. Unafumua gunia la zamani, unafunga nyuzi kwenye mguu wa kiti, unazigawa, unasuka, unafumua, mpaka vidole vizoee. Watoto wanakaa pembeni kuhesabu mistari. Mmoja wa miaka mitatu amejifunza kuhesabu mpaka nane kwa njia hiyo, tisa bado inamkimbia.

Na tusikaze. Tunarudia: tusikaze! Kuna msemo wa zamani wa wasusi kwamba nywele zisipouma hazitadumu. Sisi tumefundishwa tofauti, na tumeona kwa macho. Mtoto akishindwa kufumba macho vizuri, akilalia kifudifudi kwa sababu kichwa kinauma, vikitoka vipele vidogo kwenye mpaka wa nywele karibu na uso, hizo nywele zimekazwa. Zifumue siku hiyo hiyo, hata kama umekaa masaa manne kuzisuka. Nywele zinazovutwa mwezi baada ya mwezi zinaanza kukatika pembeni, kwenye paji na juu ya masikio. Ukiacha mapema zinarudi. Ukiendelea miaka, mizizi inakufa na pale panabaki uwazi maisha yote. Mtazame mama yeyote mwenye paji lililorudi nyuma, umuulize alisukwaje utotoni.

Meshi nazo zina uzito. Hapa tufafanue neno, kwa sababu darasani lilitugombanisha: sisi wa Kongo na Burundi tunasema “meshi”, waliokaa Tanzania wanasema “rasta”, ni kitu kimoja, zile nywele za kuongezea. Na mistari ya kawaida isiyo na meshi Waganda wanaiita “biswahili”. Tulicheka siku hiyo mpaka mwalimu akatunyamazisha. Kumbe hata kichwani tunabeba lugha yetu bila kujua! Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano sisi hatuweki meshi. Biswahili inatosha.

Mapunye ni habari nyingine. Wengine wanaita mashilingi, wengine choa. Ni yale mabaka ya mviringo kichwani, yenye magamba, nywele zikakatika pale. Yanawapata hasa watoto na yanaambukiza kwa kitana, kofia, kitambaa, mashine ya kunyolea. Mtoto wa hivyo tusimsuke juu ya mabaka ili kuyaficha. Apelekwe kituo cha afya, kwa sababu mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye mzizi wa nywele. Anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na aimalize hata kama mabaka yameanza kupotea. Kwenye zamu kila mtoto ana kitana chake, na kila Ijumaa tunaosha vitana vyote kwa sabuni halafu tunaviloweka kwenye maji yenye jiki. Wavulana wakinyolewa, wembe mmoja kichwa kimoja, basi. Hilo mmelisikia tangu zamani kwenye mafundisho ya UKIMWI, na bado ni kweli.

Kitu tunachokiogopa kuliko vyote nyumbani ni dawa ya kulainisha nywele. Wenzetu wa kozi ya sabuni wanaijua kostiki, ile soda kali inayochoma mikono. Basi aina moja ya dawa ya nywele ina kostiki hiyo hiyo ndani yake. Aina nyingine haina kostiki lakini ina chokaa kali, nayo inachoma pia. Ukiiacha kichwani kupita muda inatoboa ngozi. Ikiingia machoni ni kuosha kwa maji mengi, mengi sana, huku mwingine anatafuta usafiri wa kwenda kituoni. Na mtoto akiilamba inachoma mdomo na koo. Hapo usimtapishe! Ikirudi juu inachoma mara ya pili. Msukutue mdomo, umkimbize kituo cha afya, na ubebe kile kikopo daktari akione.

Wanafunzi wengi wanabeba kidogo nyumbani kwa mazoezi, kwenye chupa ya soda au kikopo cha siagi. Mtoto anajua nini? Anaona chupa ya soda. Sisi tulikubaliana dawa hailali nyumbani. Inabaki kwenye kabati la darasa, na mwenye wateja wake wa Jumamosi anaichukua siku hiyo na kuirudisha. Kwa nywele za watoto wenyewe hatuiweki kabisa. Yako masanduku sokoni yenye picha ya mtoto anacheka na nywele zake zinang'aa. Picha inacheka, ngozi ya mtoto haitacheka. Na mjamzito darasani anakaa karibu na mlango, penye hewa, na kazi ya dawa anaachiwa mwenzake.

Tusiwasahau wababa. Kuna wanaosema saluni inaharibu wanawake, ni mahali pa udaku. Udaku upo, hatubishi. Lakini kwenye saluni ndipo mtu anasikia pia chanjo inatolewa wapi, na nani anatafuta mfanyakazi. Mume wa mwenzetu mmoja asubuhi anawaogesha watoto, anawapa uji, anawafikisha kwenye zamu, ndipo anakwenda shambani. Wanaume wenzake walimcheka wakiwa kwenye kahawa, eti amekaliwa. Akawajibu, “Pesa ya saluni ikiingia kwangu, msije kukopa.” Mpaka sasa wawili wameshakuja kukopa.

Kwa mama anayelea peke yake, maneno hayo hayamsaidii, tunajua. Ndiyo maana kwenye zamu yetu wale wawili ndio tuliwapangia siku kwanza, wachague wao, halafu sisi wenye waume tukachukua zilizobaki. Siku ya soko wakiwa na kitu cha kuuza, tunawashikia zamu, nao wanarudisha siku nyingine. Kuna daftari. Anayeandika ni yule mwenye mwandiko mbaya kuliko wote, lakini hasahau deni.

Jioni ni jioni. Umesimama mchana kutwa, mgongo unauma, miguu imevimba, na watoto wana njaa kana kwamba hawajala tangu juzi. Tulichoona kinasaidia ni kuloweka maharage asubuhi kabla ya kutoka, kuni zipungue. Anayerudi wa kwanza anawasha moto wa wote wanaokaa jirani. Lingine la mgongo ni la darasani: mteja akae chini, wewe ukae kwenye kiti nyuma yake badala ya kusimama umeinama. Wasusi wa zamani wa kijijini walisuka wamekaa, na walizeeka na migongo yao.

Je, zamu imewarudisha wale wasichana saba shuleni? Wanne wamerudi. Wawili mama zao waliunda kundi lao la watatu, linasuasua lakini lipo. Msichana mmoja, yule wa miaka kumi na miwili, bado tunamwona chini ya mti. Mama yake anasema ameshachelewa mno, ataona haya kukaa na wadogo. Tumekwenda nyumbani kwake mara mbili. Mara ya pili tulikwenda na yule mtoto wa P5 anayetusomea masanduku, wakakaa pembeni wawili wanasoma maandishi ya chupa ya mafuta na kucheka. Mwalimu amesema nafasi ipo muhula ukifunguliwa. Tutakwenda tena.

Jambo la mwisho ni ombi. Mtihani wetu ni wa vitendo, na kila mwanafunzi anatakiwa kuja na kichwa cha mtu mzima. Tunatafuta wamama au madada watano, nywele zisipungue urefu wa kidole, ambao wako tayari kukaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana bila kununa. Kusukwa ni bure, meshi uje nazo mwenyewe. Mwenye mtoto mdogo aje naye na kikombe chake. Siku hiyo bibi atakuwa na sisi, na zamu ipo.